VPN ya Dar na Mwanza: ping inafika, faili haifiki

Mpiga_Kebo
Habari zenu wakuu. Nina ofisi mbili. Makao makuu Dar: faiba, IP ya umma isiyobadilika, mtandao wa ndani 192.168.10.0/24. Tawi Mwanza: modemu ya 4G, mtandao wa ndani 192.168.20.0/24. Kote kuna ruta ya MikroTik hEX yenye RouterOS 7, na ofisi zimeunganishwa kwa VPN (njia ya siri juu ya intaneti): IPsec kwa IKEv2, usimbaji wa AES-256-CBC na SHA256.

Taneli, yaani hiyo njia ya VPN, inapanda bila shida. Nikiwa Mwanza na kuping seva 192.168.10.5, majibu yote yanarudi. Ila RDP (kufungua skrini ya seva kwa mbali) inaomba nywila halafu skrini inabaki nyeusi. Folda ya pamoja inafunguka na majina ya faili yanaonekana, lakini ukinakili faili ya MB 2 inaganda kwenye 0%. Halafu kila asubuhi Dar haiipati Mwanza mpaka mtu wa Mwanza afungue kitu kwanza. Nianzie wapi?

Baiti1500
Anza na MTU, mkuu, yaani ukubwa wa juu wa paketi inayoweza kupita njiani. Ping ya Windows inabeba baiti 32 tu, kwa hiyo haisemi chochote kuhusu paketi nene. Kwenye kompyuta ya Mwanza andika:

`ping -f -l 1472 192.168.10.5`

`-f` inakataza paketi kukatwa vipande. Punguza namba mpaka ipite, kisha panda moja moja hadi ujue kikomo chenyewe. Angalia pia unajibiwaje inapokataa. Ukiambiwa paketi inahitaji kukatwa, kuna ruta njiani inayotoa taarifa, hiyo ni nafuu. Ukiona "Request timed out" peke yake, paketi inamezwa kimya, na seva inaendelea kutuma nene zilezile bila kujua. Ndiyo skrini yako nyeusi: nywila ni paketi ndogo, picha ya skrini ni kubwa.

Mpiga_Kebo
1330 inapita, 1331 "Request timed out".

Baiti1500
Sawa, sasa hesabu. 1330 jumlisha 28 (vichwa vya IP na ICMP, itifaki ya ping) ni 1358, hiyo ndiyo MTU ya ndani ya taneli. Toa 40 za IP na TCP, MSS (data ya juu kabisa kwenye paketi moja ya TCP) ni 1318. Weka 1310.

Na laini yako ya 4G yenyewe haifiki 1500. Kwa mipangilio yako IPsec inaongeza baiti 70 hadi 85: IP ya nje 20, UDP 8 kwa sababu uko nyuma ya NAT (wengi kushiriki IP moja ya umma), kichwa cha ESP (bahasha ya IPsec) 8, IV (namba ya kuanzia usimbaji) 16, muhuri wa SHA256 16, na mkia wa ESP wenye ujazo wa kufikisha mafungu ya 16. Njia yenye 1500 kamili ingekuruhusu ping ya 1394 badala ya 1330.

Kwenye ruta ya Mwanza:

`/ip firewall mangle`
`add chain=forward protocol=tcp tcp-flags=syn src-address=192.168.20.0/24 dst-address=192.168.10.0/24 tcp-mss=1311-65535 action=change-mss new-mss=1310`

Rudia ukigeuza src na dst, ili jibu la SYN (paketi ya kufungua muunganisho) linalotoka Dar nalo lipunguzwe. Miunganisho iliyokwisha kufunguka haiguswi, kwa hiyo funga RDP ufungue upya. MSS ni ya TCP tu. RDP ikiendelea kuganda, izimie UDP upande wa mteja.

Dada_Swichi
Kabla hujafurahi, kagua FastTrack, njia ya mkato ya MikroTik ya kuharakisha paketi. Hiyo nayo inaacha ping ipite na kuua vingine, maana inashika TCP na UDP, ICMP haiigusi. Paketi iliyoshikwa inaruka sera za IPsec, yaani kanuni za nini kiingie kwenye taneli. Mipangilio ya kiwandani ina kinga, lakini wengi hufuta kila kitu na kuandika faiawoli upya, hapo ndipo inapopotea. Mistari hii miwili ikae juu ya fasttrack, ruta zote mbili:

`/ip firewall filter`
`add chain=forward action=accept ipsec-policy=in,ipsec`
`add chain=forward action=accept ipsec-policy=out,ipsec`

Ya asubuhi ni jambo jingine. Tazama IP aliyopewa Mwanza na mtandao wa simu. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya kampuni na Dar haiwezi kukuanza kamwe. Kwenye ruta ya Dar, peer (mwenzake wa VPN) iwe `passive=yes`, yaani isubiri tu, Mwanza ndiyo ipige, na Dar ifungue UDP 500 na 4500 kwenye input. Utambulisho weka `my-id=fqdn:mwanza`, usitumie IP, inabadilika. `dpd-interval=30s` upande wa Mwanza (kuuliza mara kwa mara kama Dar bado ipo) itafanya njia isilale.

Ukipima kutoka kwenye ruta yenyewe, taja chanzo:

`/ping 192.168.10.1 src-address=192.168.20.1`

Bila hivyo paketi inatoka na IP ya nje, haiendani na sera, na utahangaika bure ukidhani taneli imekufa.

Mpiga_Kebo
IP ni 100.71.x.x kweli, na kinga ya fasttrack haikuwepo Mwanza. Nimeweka yote, MSS pia. RDP imefunguka, faili ya MB 2 imepita. Kimebaki kimoja: kutoka Dar nazipata kompyuta zote za Mwanza ila printa 192.168.20.40. Mwanza wenyewe wanaichapia vizuri.

Dada_Swichi
IP ya printa iliandikwa kwa mkono? Basi sehemu ya anwani ya ruta iko wazi au ina namba ya zamani. Inawajibu jirani zake, ila haina pa kupitishia jibu la Dar. Weka 192.168.20.1, izime na kuiwasha.

Mpiga_Kebo
Ilikuwa 0.0.0.0. Inachapa sasa.