Kichanga akinyonya midomo inakuwa bluu, akilia inarudi sawa. Ushauri wakuu

BabaNeema: Wakuu habari za jioni. Mke wangu kajifungua juzi kwa upasuaji, mtoto wa kike, uzito mzuri. Akitulia au akishika ziwa, midomo inakuwa bluu na kifua kinabonyea ndani. Akianza kulia tu, rangi inarudi. Leo nesi kajaribu kupitisha mrija mwembamba puani, pande zote ukagoma. Daktari kasema njia ya pua kwa nyuma haikufunguka, anatupa rufaa Muhimbili. Bibi yake anasema ni mafua tu, tumvute kamasi. Nifanyeje?

Mpemba_Halisi: Pole sana ndugu. Bibi mpe heshima yake, lakini rufaa usiichezee.

NesiWaUsiku: Hongera kwa mtoto, na pole. Hiyo ni koana atresia, huwapata zaidi watoto wa kike, takriban mmoja kati ya 5,000 hadi 8,000. Kichanga hutegemea pua kupumua; akilia ndipo hewa inapita mdomoni, ndiyo maana rangi inarudi. Msiondoke bila kifaa cha plastiki mdomoni cha kushikilia ulimi, kibandikwe kwa plasta vizuri. Maziwa yapitie mrija wa mdomoni mpaka tumboni. Nesi awe naye ndani ya ambulensi, mambo ya basi sahau kabisa. Huko watampiga CT scan kuona kama kizuizi ni mfupa au utando. Ombeni pia moyo, macho na masikio viangaliwe, maana wakati mwingine tatizo hili huja na mengine.

MamaWawili: Wangu alizibwa upande mmoja tu, tukaja kujua ana miaka minne! Kamasi nzito tundu moja kila siku, antibayotiki mpaka basi. Alifanyiwa upasuaji kwa kupitia puani humohumo, usoni hana kovu. Ila tundu huweza kujibana tena, kliniki msiruke hata kama anapumua vizuri.

BabaNeema: Asanteni mno. Ambulensi imepatikana, tunaondoka alfajiri na nesi. Mama naye apande, na mshono huo?

NesiWaUsiku: Daktari wake amkague kwanza. Akikataliwa, akamue usiku huu, beba maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, ndani ya kibegi cha barafu.