Ukurasa wa kwanza wa riwaya: nianze na ziwa au na Atieno?

BintiNyalenda, Kisumu: Wadau, hamjambo? Naandika riwaya kuhusu Atieno, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuo wa Dunga, mwenye deni la chama cha kukopeshana. Nimeanza na jua likichomoza ziwani, ndege, mawimbi, kurasa mbili nzima, ndipo Atieno anatokea. Wawili niliowapa wasome wameishia hapo hapo. Mmoja anashauri nianze na kifo cha mumewe ili msomaji ashtuke. Mnaonaje?

Kalamu Nyekundu, Nakuru: Dada, kifo cha mtu tusiyemjua hakitutoi machozi. Tazama riwaya ya Chinua Achebe ya 1958, Things Fall Apart, ile ya Okonkwo. Mwanzoni hafi mtu. Tunaambiwa tu kwamba Okonkwo anajulikana vijiji 9 na zaidi, kwa kuwa akiwa na miaka 18 alimbwaga Amalinze, mwanamieleka ambaye kwa miaka 7 mgongo wake haukugusa ardhi. Aya moja, na tayari umejua watu wale wanamheshimu nani. Punde tunakutana na babake, mvivu mwenye madeni kila mahali, ndipo unang'amua mtoto alikuwa anakimbia nini. Mieleka ile imebeba kitabu kizima.

NyarSeme: Mimi nimeuza omena miaka mingi. Kwanza, Kisumu jua huzama ziwani. Asubuhi linatokea mashariki, upande wa Nandi. Msomaji wa huku akikuta hilo kwenye mstari wa kwanza, hatakuamini tena. Pili, omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua zikifika alfajiri tunagombania mzigo. Anza wakati Atieno ameshaanika, zimetapakaa juu ya nyavu, na wingu linapanda. Zikinyeshewa zinaharibika, unaziuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ziwa tutaliona tu, halifichiki.

BintiNyalenda: Asanteni sana. Nimejaribu hivi: "Atieno alilitazama wingu kwanza, ndipo akamgeukia mweka hazina wa chama." Deni nilitaje papo hapo?

Kalamu Nyekundu: Usilitaje bado. Mweka hazina kumfuata mtu mpaka ufuoni asubuhi yote ile, msomaji atajiuliza mwenyewe. Mjibu ukurasa wa tatu. Mume mngojeshe hadi sura ya pili, tukishamzoea Atieno.

NyarSeme: Na Atieno asisimame tu kuongea, mwanangu. Wingu likipanda, mikono inazoa omena.