Naombeni ushauri: maelezo ya dawa nimeandika kwa Kiswahili rahisi, wagonjwa bado wanakosea

Muuguzi_Zamu
Wakuu, habari zenu. Mimi ni muuguzi. Wiki iliyopita alirudi mama mmoja, siku ya tano tangu nimpe dawa ya kidonda. Kidonda kibichi vilevile. Nilimpa vidonge 15, vimebaki 10. Nikamuuliza kwa nini hakunywa. Akaumia: "Mwanangu, nakunywa kila saa nane, sijaruka hata siku moja."

Karatasi niliandika "kidonge 1 kila baada ya saa 8". Hajui kusoma, mjukuu wake ndiye aliyemsomea. Kwake saa nane ni saa nane ya mchana. Na siku ile nilimuuliza "umeelewa?", akaitikia ndiyo.

Nimekosa usingizi kwa hili. Nitawajuaje wasiojua kusoma bila kuwaaibisha? Na niandikeje?

Mwalimu_wa_Jioni
Pole, ndugu. Nafundisha kisomo cha watu wazima. "Nimesahau miwani", "nitasoma nikifika nyumbani": maneno hayo nayasikia kila muhula. UNESCO ilikadiria kwamba mwaka 2024 vijana na watu wazima milioni 739 hawakujua kusoma na kuandika, wengi wao wanawake. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta nani hajui. Mweleze kila mtu kwa njia ileile.

"Umeelewa?" iache kabisa, jibu lake ni ndiyo siku zote. Sema hivi: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utawaambiaje kuhusu dawa hii?" Hapo saa nane ingejitokeza palepale.

Tena kuna anayesoma kwa kuunga silabi. Akifika mwisho wa sentensi ndefu, mwanzo umeshampotea. Sentensi moja, jambo moja.

Kasuku77
Weka picha tu, mkuu. Picha haihitaji shule.

Mfamasia_Mstaafu
Kasuku77, hapo taratibu. Thalidomide, dawa waliyopewa wajawazito, ilileta ulemavu kwa maelfu ya watoto waliozaliwa miaka ya 1950 na 1960. Baadaye Brazil waliendelea kuitumia kwa wagonjwa wa ukoma, pakiti ikiwa na picha ya mjamzito aliyekatwa kwa mstari. Wapo waliodhani ni dawa ya kuzuia mimba! Picha nayo husomwa, na kila mtu huisoma kwa alichozoea kuona. Chora, kisha muulize mgonjwa anaona nini kabla hujachapa nakala mia.

Nimejua_Ukubwani
Mimi nilijua kusoma nikiwa na miaka 38, kwa hiyo naongea ninayoyajua. Herufi kubwa tupu zilinitesa, kila neno lilionekana kama ukuta. Na mambo ya mwili wangu kusomewa na mwanangu yaliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kuna sehemu nilipewa fomu mbele ya foleni nikaambiwa "jaza haraka". Niliondoka na homa yangu, sikurudi tena. Dada au kaka muuguzi, huyo mama amekurudia. Usimpoteze.

Muuguzi_Zamu
Asanteni sana, hasa wewe wa mwisho, nimekusoma mara mbili. Mama nimempigia, kesho anakuja, tutaanza upya na daktari.

Karatasi mpya ina mistari mitatu: Ukiamka, kidonge 1. Mchana, kidonge 1. Ukienda kulala, kidonge 1. Pembeni nimechora jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Leo nimewajaribu watu 7 kwa swali la Mwalimu. Sita wamenieleza sawasawa.

Wa saba ni mlinzi wa usiku. Yeye huamka jua likizama. Yake nimeiandika upya kwa mkono, tukaichora pamoja, mwezi ukiwa juu kabisa ya karatasi.