Dira 2050: dola 7,000 zitanifikiaje mimi mkamua alizeti?

MkamuaAlizeti:
Wakuu, salaam. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Singida. Banda la mabati, kikamulio kimoja, chujio, basi. Nimeisoma Dira ya Maendeleo ya Tanzania ya 2050, ile iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025: uchumi wa dola trilioni moja, pato la kila mtu dola 7,000 kwa mwaka. Nikachukua kikokotoo. Trilioni ukigawa kwa 7,000 unapata watu milioni 140 na ushee, na sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7. Yaani tuongezeke zaidi ya maradufu, na bado kila mmoja apate zaidi ya mara tano ya anachopata leo!

Sasa mimi, wakati wa mavuno nakamua usiku na mchana. Ikifika Desemba walanguzi wameshasomba mbegu zote, mashine inalala, vijana nawaambia warudi kwao. Nabaki nauza mashudu kwa wafugaji. Hiyo dira inapita njia gani hadi ifike bandani kwangu? Siasa sitaki.

MstaafuDodoma:
Kijana, dira usiitafute bandani, tafuta mpango wa miaka mitano na bajeti yake. Dira iliyopita, ya kufikia 2025, ilianza mwaka 2000, lakini mpango wa kwanza wa miaka mitano wa kuitekeleza ulikuja 2011/12. Katikati hapo tulikuwa na mkakati wa taifa ulioitwa MKUKUTA, na kilio chake kikubwa kilikuwa kupunguza umaskini, si viwanda. Hata hivyo 2020 Benki ya Dunia ilituhesabu kipato cha kati, daraja la chini. Tulifika, ila nusu ya safari hatukuwa na ramani. Safari hii utekelezaji unaanza Julai 2026, usome huo mpango uone kama alizeti imetajwa na imetengewa hela.

Mbishi_wa_Mbagala:
Mzee anabembeleza. Kutoka uchumi wa dola bilioni 80 hivi hadi trilioni kwa miaka 25 ni kukua kama asilimia 10 kila mwaka, bila kupumzika. Dira iliyopita ilitaka 8 na hatukuizoea hiyo 8. Malaysia walijipangia tangu 1991 kuwa nchi iliyoendelea ifikapo 2020, mwaka ukafika hawajavuka mstari.

MstaafuDodoma:
Hawajavuka, ndiyo. Wewe ungekataa kuishi walipofika?

DadaUfuta_Lindi:
Mleta mada, tatizo lako ni mtaji wa kununua mbegu mwezi wa saba uziweke hadi Januari. Huku kwetu ufuta unakwenda kwa stakabadhi ghalani: mzigo unaingia ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unauzwa kwa mnada, mlanguzi wa kulipa kwa kibaba anakosa pa kuingilia. Malipo huchelewa mara nyingine, sikufichi, watu wanalalamika. Lakini mnunuzi wa kiwandani anajua mzigo uko wapi na kiasi gani. Benki umekwenda?

MkamuaAlizeti:
Nimekwenda, dada. Wanataka hati, na banda liko kwenye kiwanja cha ukoo, hakijapimwa. Shikamoo mzee, nimekuelewa, huo mpango nitausoma. AMCOS hapa ipo, ila mwenyekiti ni mjomba wangu na hatusalimiani tangu msiba wa babu. Dada, huko kwenu kukamua mwenyewe huku ukiwa mwanachama kunaruhusiwa, au nitaambiwa nachagua upande?