Mrejesho: oili iliyokuwa inapanda badala ya kushuka

Wakuu nimerudi. Kama mnakumbuka niliuliza kwa nini gari langu la dizeli oili inazidi alama ya juu kwenye stiki ya kupimia na mimi sijaongeza hata tone. Aliyesema ninuse stiki alipatia, ilikuwa inanuka dizeli kabisa na ukiisugua kwa vidole ni nyepesi kama maji.

Fundi kapima, chanzo ni safari zangu fupifupi. DPF, ile filta ya masizi, ikianza kuchoma masizi yaliyojaa ndani yake, injini inapuliza dizeli ya ziada, sasa mimi nazima gari katikati, kila siku hivyohivyo, ile dizeli inateremka kwenye oili. Tumemwaga yote, filta ya oili mpya, oili ya daraja C3 (ya magari yenye DPF) kama kitabu cha gari kinavyotaka.

Siku ya pili nikacheki ikawa nyeusi tii, nikataka kumpigia fundi kwa hasira (bahati nzuri sikupiga), kumbe injini za dizeli ndivyo zilivyo. Sasa napima pakiwa tambarare, nazima, nasubiri dakika 10, nafuta stiki ndo nachovya tena. Wiki ya tatu hii, haijapanda.