Spika zinanichoma masikio, naomba ushauri wa haraka

Mvumilivu
Wakuu, heshima kwenu. Hii ni wiki ya tatu siwezi kusikiliza muziki zaidi ya nusu saa. Mwanzoni nafurahia, kila kitu kinasikika, hadi mpiga gitaa akivuta pumzi. Ikifika wimbo wa nne, meno yananiuma. Matoazi yanachanja, na mwimbaji akitamka "s" ni kama ananipigia mluzi sikioni. Nikikaa kwenye kochi rimoti haitoki mkononi: napunguza, naongeza, napunguza tena. Amplifaya ni mpya, kubwa kuliko ya zamani. Spika ni zile zile, chumba ni kile kile. Swali langu ni moja tu: ninunue waya za fedha au za shaba nene? Nakaribia kulipia, kwa hiyo msichelewe.

Shaba Tupu
Shaba nene, mkuu. Fedha inaizidi shaba kwa kupitisha umeme kwa asilimia kama 6 tu, na hizo 6 hutazisikia. Mimi nilikuwa nazo za fedha, nikatamba nazo mwaka mzima, kumbe spika moja nimeifunga kinyume, chanya kwenye hasi. Besi ilikuwa imepotea kabisa, na mimi nawaambia wageni "sikilizeni usafi huo". Kagua hapo kwanza.

Mvumilivu
Nimekagua, ziko sawa. Kwa hiyo shaba?

Mama Wawili
Mdogo wangu, kabla ya waya kapime masikio. Wataalamu wa usalama kazini wengi wanaweka mpaka wa kelele kwenye desibeli 85 kwa saa 8, na ukiongeza 3 tu, muda unakatwa nusu. Nyie mnafungulia muziki kama mnagombana na jirani. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye mashine za kelele maisha yake yote. Uzeeni tulikuwa tunamwandikia kwenye karatasi hata salamu. Jihurumie.

Fundi Kimya
Mleta uzi, hujasema chumba kikoje. "Kile kile" si jibu. Sakafu ni ya nini?

Mvumilivu
Vigae. Kawaida tu.

Fundi Kimya
Na juu ya vigae?

Mvumilivu
Mkuu, mbona tunahama kwenye waya?

Nyundo
Hapo pana jambo. Nasogeza kiti.

Fundi Kimya
Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kavu, uje utuambie umesikia nini.

Mvumilivu
Nimepiga. Kinarudi kitu kama springi iliyoguswa, trrring, kinatetemeka kidogo halafu kinakufa.

Sawa, naomba msinishambulie. Zulia niliuza. Na kochi. Amplifaya haikushuka kutoka mbinguni. Nilipiga hesabu zangu: zulia linakanyagwa tu, kochi linakaliwa tu, lakini muziki unafurahisha nyumba nzima. Mke wangu amesafiri kuwaona wazazi wake, akirudi nitajua cha kumwambia. Na waya zina hela yake tayari, kuna mtu nimeshampa neno kuhusu mapazia.

Nyundo
Mapazia! Jamani, mtu anauza dawa ili anunue ugonjwa.

Mama Wawili
Umeuza kochi la mwenzio bila kumwambia? Hapa tatizo si masikio tena, ni moyo. Mpigie simu leo hii, kabla hajafungua mlango mwenyewe.

Fundi Kimya
Ya ndoa siyawezi, ngoja niseme ya chumba. Zulia, kochi na pazia zito vinameza sauti za juu kuliko za chini. Ukiviondoa, besi inabaki karibu vile vile, ila zile kali zinagonga kigae, kioo na ukuta, zinarudi kwako zikiwa zimechelewa kidogo, juu ya zile ambazo twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, inakurushia moja kwa moja. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi (mitetemo kwa sekunde), na humo na juu yake kidogo ndimo matoazi, "s" na ukali wa gitaa vinapokaa. Ubongo unafanya kazi ya kutenganisha wimbo na mwangwi wake bila kupumzika. Ndiyo maana dakika za mwanzo unafurahia, baadaye kichwa kinagonga. Waya haina neno lolote la kusema katika hilo.

Kobe Mzee
Umenikumbusha mwanafizikia Wallace Sabine. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilizunguka ndani kwa zaidi ya sekunde 5, mwanafunzi hasikii kitu. Jamaa akawa anaazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaibeba usiku na wasaidizi wake, anaipanga, anapuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa mlio unakufa baada ya muda gani. Kabla ya asubuhi mito inarudishwa. Kanuni ya mwangwi tunayotumia mpaka leo ilitoka kwenye mito hiyo. Yeye alibeba mito kuiingiza ndani, ndugu yetu anaitoa.

Sikio Moja
Samahani wakuu, nawaharibia. Rudini juu mkasome: "Nikikaa kwenye kochi". Kochi lipi, kama limeuzwa kununua amplifaya hiyo hiyo? Tunapigwa kamba hapa. Huyu amekaa mahali anacheka.

Nyundo
Lahaula! Kweli kaandika.

Mama Wawili
Yaani nimemtaja marehemu baba yangu kwa ajili ya kamba?

Mvumilivu
Niliandika kwa mazoea. Nakaa juu ya boksi la amplifaya. Mlitaka niandike hivyo mbele za watu?

Sikio Moja
Boksi! Hadithi inazidi kunoga. Weka picha.

Mvumilivu
Siweki picha. Mke wangu naye yumo humu.

Nyundo
Shemeji, kama unasoma, pole.

Fundi Kimya
Picha siihitaji. Ule mlio wa springi ni kuta mbili tupu zinazotazamana, zinarushiana kofi lako. Mtunga hadithi angeandika "mwangwi" akaishia hapo. Mvumilivu, usiuze mapazia. Leta godoro, lisimamishe ukutani kando ya spika. Usibahatishe mahali: mtu ateleze kioo ukutani, wewe ukiwa umekaa, na pale utakapoiona twita ndani ya kioo ndipo pa kuweka godoro. Mablanketi yatandaze sakafuni kati yako na spika. Kisha zigeuze spika kidogo, twita zisikutazame machoni, na ushushe trebo, yaani sauti za juu, kidogo, hakuna atakayekukamata.

Shaba Tupu
Nami nakubali, ingawa shaba nene haimdhuru mtu.

Mvumilivu
Nimerudi. Kioo sikuwa na wa kukishika, nimekadiria. Godoro lipo ukutani, mablanketi chini, kofi sasa linakufa papo hapo. Niko wimbo wa saba na meno yametulia. Nakiri.

Ila ule uhai wa mwanzo nao umepungua kidogo, na hapo ndipo nadhani waya ya fedha ingesaidia. Tatizo mwenye mapazia ameshafika, anagonga mlango.

Fundi Kimya
Usifungue.

Mama Wawili
Na leo utalala wapi?

Sikio Moja
Mimi bado nangoja picha.

Shaba Tupu
Mvumilivu, nina zulia la manyoya, nene, halijakanyagwa sana. Hiyo amplifaya yako ni wati ngapi?