Banda la mbwa la nje: mbao, matofali au fremu ya chuma, na sakafu ya aina gani?

MwenyeUa

Ndugu wanajukwaa, ninajiandaa kujenga banda la nje kwa ajili ya mbwa wawili wakubwa, jike na dume, ambao kila mmoja ana uzito wa kilo 35 hivi. Mchana huachwa huru uani, kwa hiyo banda litakuwa mahali pao pa kulala usiku na pa kukaa wakati wageni wapo. Nimepima njia tatu: kibanda cha mbao kilichozungushiwa uzio wa waya, chumba cha matofali chenye ua mdogo mbele yake, na fremu ya chuma yenye wavu pande zote na paa la bati. Njia ya kwanza inahamishika, ya pili ni imara lakini haibadiliki kirahisi ikishajengwa, na ya tatu inakamilika upesi. Ninachotaka kujua ni ipi itakayokuwa bado safi na kavu baada ya miaka mitano. Naomba pia maoni kuhusu sakafu, maana wapo wanaosifu zege na wapo wanaosifu kokoto.

FundiSakafu

Ndugu, swali la sakafu umeliweka mwishoni, nami ningelitanguliza. Wavu unaweza kuubadilisha na paa unaweza kulifumua, lakini sakafu ikikosewa itakubidi uvunje kila kilichosimama juu yake.

Zege linashinda kwa jambo moja kubwa, kwamba linaoshwa. Hata hivyo linashinda pale tu linapomwagwa kwa utaratibu. Chimba udongo wa juu, shindilia mawe na kifusi, kisha mwaga zege la unene wa sentimita 10 lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na sehemu ya kulala. Mteremko ukipungua, maji husimama. Ukizidi sana, mbwa hulala akiwa ameinama na hapendi. Mfereji wa kupokea maji uwe nje ya wavu, kwa sababu ukiwa ndani mbwa watakunywa yaliyomo. Kabla zege halijakaza, pitisha ufagio mgumu juu yake ili uso uwe na mikwaruzo midogo inayozuia kuteleza. Usilipige ling'ae kama sakafu ya sebuleni, kwani mbwa mzito akikimbia juu ya sakafu laini iliyolowa anaweza kuumia nyonga na magoti.

Kasoro ya zege tupu ni kwamba lina vinyweleo na hunyonya mkojo, na harufu ikishaingia ndani haitoki kwa maji. Dawa yake ni kulipaka rangi ya epoksi iliyonyunyiziwa mchanga, au kimiminika cha kuziba vinyweleo.

Kokoto za mviringo zina faida zake: maji hupita, makucha hayaliki, na kazi ya kuzimwaga ni nyepesi. Zinahitaji tabaka la sentimita 15 hadi 20 juu ya kitambaa cha kuchuja, la sivyo zitazama kwenye matope. Lakini hazisafishiki. Unaokota kinyesi kigumu, na kile laini kinashuka chini na kubaki huko.

TabibuWaMifugo

Naongezea upande wa afya, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya kokoto na zege inapoonekana wazi. Mayai ya mnyoo wa mviringo wa mbwa, *Toxocara canis*, hutoka katika kinyesi yakiwa bado hayawezi kuambukiza, na huhitaji wiki mbili au zaidi ili yafikie hatua hiyo. Maana yake ni kwamba anayeondoa kinyesi kila siku kwenye sakafu inayoonekana yote anakata mzunguko kabla haujafungika. Yakishazama katika udongo au kokoto, mayai hayo hudumu kwa miaka, na dawa za kawaida za kuulia vijidudu hayazijali; joto kali la mvuke au maji yanayochemka ndilo linaloyaharibu. Mnyoo huyu humpata pia binadamu, hasa mtoto anayechezea udongo. Minyoo ya safura nayo ina viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya miguu, na vinahitaji unyevunyevu na kivuli ili viishi, kwa hiyo sakafu inayokauka juani ni kinga ya kweli.

Kirusi cha parvo, kinacholeta kuhara kukali kwa mbwa, nacho hukaa miezi mingi katika mazingira. Dawa ya klorini ya kupaushia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, hukiua ikiachwa juu ya sakafu kwa dakika 10, mradi uchafu wote umeoshwa kwanza kwa sabuni, kwa kuwa klorini hupotezea nguvu zake kwenye uchafu. Kisha isuuzwe vizuri kabla ya mbwa kurudi. Kazi hiyo haiwezekani kwenye kokoto, na kwenye udongo ndiyo kabisa.

Upande wa pili wa haki ni huu: mbwa wa kilo 35 anayelala juu ya zege tupu huota sugu viwikoni, na wakati mwingine uvimbe wenye maji. Zege liwe la kutembelea na la kuoshwa. Pa kulalia pawe pameinuliwa na pana kitu laini.

SeremalaMstaafu

Ninaitetea mbao, ingawa si kwa kila sehemu. Kwa kibanda cha kulalia sijaona kinachoishinda, kwa kuwa haipitishi joto upesi kama bati au tofali. Kibanda kiinuliwe sentimita 10 hadi 15 kutoka chini ili hewa ipite na mbao isioze. Mlango uwe pembeni, usiwe katikati ya ukuta, ili mbwa apate kona isiyopigwa na upepo, na uso wa kibanda uelekezwe kinyume na upande mvua inakotokea mara nyingi. Paa lifungwe kwa bawaba ili liinuliwe lote wakati wa kusafisha. Kibanda kisichofunguka juu hakisafishwi ipasavyo, hata mwenye nacho akiwa mtu wa bidii.

Ukubwa wake unategemea hali ya hewa. Kipimo cha chini ni mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amejinyoosha. Penye baridi usizidishe sana hapo, kwa sababu mbwa hupasha kibanda kwa joto la mwili wake na kibanda kikubwa kinamshinda. Penye joto ongeza nafasi, weka matundu ya hewa chini ya upenu, tena pande mbili zinazotazamana.

Sharti langu moja ni kuhusu dawa ya mbao. Mbao zilizotiwa dawa zenye arseniki, au zilizopakwa kriosoti (mafuta ya lami ya kuzuia kuoza), zisiwekwe mahali ambapo mbwa anaweza kuzitafuna, naye hutafuna kila ukingo anaoufikia. Tumia mbao ngumu zisizohitaji dawa, na ufunike kingo za mlango kwa pembe za chuma.

TabibuWaMifugo

Mzee wangu, nakubaliana nawe, ila usisahau kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa, *Rhipicephalus sanguineus*, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya banda bila kuhitaji mnyama mwingine. Jike akishiba damu hushuka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Kwa hiyo maungio yote ya mbao yazibwe, na ndani kuwe na uso laini uliopakwa rangi ya kuoshwa. Hilo linayahusu matofali pia: ukuta usiopigwa lipu ni mjengo wa vyumba vya kupe.

MchomeleaVyuma

Kuhusu wavu, kuna aina mbili zinazochanganywa. Wavu wa kusuka hunyumbulika, mbwa huushika kwa meno na kuuvuta, na uzi mmoja ukikatika tundu hupanuka. Isitoshe, macho yake ni ngazi nzuri kwa mbwa anayependa kupanda. Wavu wa kuchomelea, wenye waya wa milimita 3 na macho ya sentimita 5, ni bora kwa mbwa wakubwa. Uliza kama umetiwa zinki kabla au baada ya kuchomelewa: uliotiwa baada ya kuchomelewa hudumu zaidi, kwa sababu viungo vyake vimefunikwa, na kutu huanzia kwenye viungo.

Wavu ufungwe upande wa ndani wa nguzo, ili mbwa akiusukuma aukandamize kwenye nguzo badala ya kung'oa vifungio. Kimo kiwe mita 1.8, na kama mmoja wao huruka au hupanda, funika juu. Ukiwa na zege hadi ukingoni, suala la kuchimba limekwisha. Ukichagua kokoto, laza wavu chini ya udongo, upana wa sentimita 60 kuelekea ndani.

MlezaMbwa

Mimi nafuga mbwa kadhaa, na nakushauri ujenge sehemu mbili hata kama wawili wako wanapatana. Jike atapata joto la kutaka dume, mmoja ataugua au atafanyiwa upasuaji, na siku hiyo utahitaji kuwatenga. Ukuta wa kati uwe mzima, usiwe wavu, angalau kwa mita moja ya chini. Mbwa wanaotazamana kutwa kupitia wavu hukimbizana na kuzomeana hadi hata wapole wanajifunza ukali, na matone ya kinyesi na mkojo huvuka kirahisi. Hapo ndipo matofali yaliyopigwa lipu yanapofaa zaidi.

Bati nalo litazamwe kwa makini. Mbwa hujipoza hasa kwa kutweta, kwa hiyo hewa tulivu na ya moto chini ya bati la chini humchosha haraka. Inua paa angalau nusu mita juu ya wavu au juu ya kibanda, lipake rangi nyeupe, na upenu utokeze kiasi cha kuzuia mvua ya kukatiza.

MwenyeUa

Nawashukuru sana. Naona nilikuwa nikilinganisha mabanda matatu ilhali jibu ni kugawana kazi: sakafu ya zege, ukuta wa kati wa matofali yenye lipu, wavu wa kuchomelea pande nyingine, na vibanda viwili vya mbao vyenye miguu. Yamebaki mawili. Malango yafungukie ndani au nje? Na nguzo zisimikwe ndani ya zege, au zifungwe juu yake?

MchomeleaVyuma

Yafungukie ndani, dada. Mbwa anayelisukuma lango akitaka kutoka huwa analifunga zaidi, na wewe unaingia ukimrudisha nyuma kwa lango lenyewe. Weka komeo mbili, ya juu na ya chini, kwa kuwa lango lenye komeo moja katikati hupinda pembeni mbwa akilisukuma. Kama nafasi inaruhusu, weka uwanja mdogo wenye lango la pili mbele ya malango yote mawili.

Nguzo ningezifunga juu kwa vitako vya bati nene na nati. Nguzo iliyozama kwenye zege hula kutu pale inapotokeza, hasa inapomwagiwa mkojo kila siku, na kuibadilisha ni kulivunja zege.

FundiSakafu

Naunga mkono vitako, na viwekwe juu ya ukingo wa zege wa sentimita 15 unaozunguka sakafu, wenye matundu ya kupitisha maji upande wa mfereji, ili maji ya kuoshea yasivifikie. Baada ya kumwaga, lilowanishe zege na kulifunika kwa siku 7. Rangi ya epoksi isubiri siku 28, kwa sababu ikipakwa juu ya zege lenye unyevu hubanduka. Mbwa waingie baada ya rangi kukaza kabisa na harufu yake kuisha.